Funguo Tisa za Dada Mkuu

Jumatatu, 2 Machi

Mvua imeanza, na mimi nimeanza kuandika. Vyote viwili sikuviomba.

Daftari hili nimepewa na mtoto wa mdogo wangu. Alikuja hapa mwaka jana na madaftari mawili ndani ya begi, kana kwamba anakwenda kufundisha, na kweli kabla ya kuja alikuwa akifundisha watoto wa chekechea. Wenzake wanamwita Mwalimu. Jana aliniambia, "Mama Mkubwa, andika hata mstari mmoja kwa siku, utapumua." Nikamjibu kwamba napumua vizuri tu, ahsante. Leo nimelifungua kwa sababu sina la kufanya. Mashuka hayakauki na hakuna cha kupiga pasi.

Basi niandike tulivyo. Hii ni nyumba ya udobi. Tunafua mashuka ya hospitali moja na hoteli mbili. Tuko wanawake kumi na wawili, tunafanya kazi humu humu na kulala humu humu. Mwenye nyumba tunamwita Mjomba. Ndivyo anavyotaka mwenyewe. Anasema hapa hakuna bosi, hapa kuna mjomba na wapwa zake. Mimi ni Dada Mkuu. Nimekaa miaka kumi na moja, saba kati yake na cheo hiki. Nina chumba changu peke yangu, na funguo tisa kiunoni, na hakuna mtu humu ndani anayenyoosha shuka likanyooka kama mimi.

Jumanne, 3 Machi

Mvua. Mashuka hayakauki.

Jumatano, 4 Machi

Vilevile.

Jumapili, 8 Machi

Siku ya simu. Baada ya chakula cha mchana Mjomba hukaa ukumbini na simu yake, nasi tunapanga foleni. Kila mmoja ana dakika tano, na sauti inafunguliwa ili, kama anavyosema, tufurahi pamoja. Simu zetu wenyewe ziko ofisini kwake pamoja na vitambulisho. Anatutunzia, tusiibiwe. Mshahara pia anatutunzia.

Mwalimu alizungumza na mwanawe wa miaka mitatu, anayelelewa na mdogo wangu. Mtoto alimuuliza anakuja lini. Akamwambia miezi tisa aliyokubaliana inakwisha tarehe ishirini na tano ya mwezi huu, kwa hiyo anakuja. Mjomba akainama kwenye simu na kusema kwa ile sauti yake ya upole, "Mama atakuja, babu, mvua ikipungua tu."

Mwalimu aligeuka akanitazama. Mimi nikawa nakunja foronya.

Jumatano, 11 Machi

Kibonge amechomwa mkono na mvuke wa mashine ya pasi. Kibonge ndiye mwenye nguvu kuliko sisi sote, anasukuma toroli la mashuka mabichi kwa mkono mmoja huku anakula kwa mwingine. Nimempaka dawa. Ameniuliza kama ni ya mkono au ni ya kung'arishia mashuka. Nimecheka mpaka machozi.

Jumatano, 25 Machi

Leo miezi tisa ya Mwalimu imetimia. Aliamka, akaoga, akavaa gauni alilokuja nalo, akaenda ofisini kwa Mjomba na begi mkononi. Nilikuwapo, maana nilikuwa nimepeleka chai.

Mjomba alimkaribisha kiti. Akamwambia barabara zimeharibika, mabasi yanakwama njiani, na hospitali inategemea mikono yetu, wagonjwa walale kwenye nini? Mvua ikiisha ataondoka na mshahara wake wote kwa mkupuo. Mwalimu akasema yuko radhi kukwama njiani, anaomba kitambulisho chake. Mjomba akatabasamu. Akasema kitambulisho kiko salama pale kilipo kuliko mfukoni mwake, kisha akamwongezea sukari kwenye chai ambayo hakuiomba.

Alipotoka, nilimfuata koridoni na kumsema. Nilimwambia asiniaibishe, mimi ndiye niliyepiga simu nyumbani kumwambia mama yake amlete, mimi ndiye niliyemdhamini. Mwezi mmoja au miwili ni kitu gani? Ajikaze kisabuni.

"Mama Mkubwa," akaniuliza, "wewe mara ya mwisho kutoka nje ya geti hili ilikuwa lini?"

Nikamwambia asinibadilishie mazungumzo.

Alhamisi, 26 Machi

Swali la jana halikunipa usingizi. Nimetoka mara tatu. Mara mbili jino, mara moja macho. Zote ndani ya gari la Mjomba, na alinisubiri mlangoni. Niliona ananijali. Leo naandika hivi nikijisikia kisirani kwa mtoto huyu anayechokonoa mambo yaliyotulia.

Jumatatu, 30 Machi

Mvua. Ukumbi wa kuanikia umejaa mpaka kwenye dari. Tunapita tumeinama chini ya mashuka.

Ijumaa, 3 Aprili

Hospitali imelalamika. Wamepelekewa taulo za hoteli, na hoteli imepelekewa mashuka ya wodi. Sijawahi kuona aibu kama hii. Kila kitu kinachoingia humu kinashonwa uzi kwenye kona: mwekundu wa hospitali, bluu wa hoteli kubwa, kijani wa hoteli ndogo. Hata asiyejua kusoma hawezi kukosea. Mjomba hakupiga kelele. Hapigi kelele kamwe. Aliniambia tu, "Dada Mkuu, umeanza kuzeeka?" na moyo wangu ukashuka hadi kwenye kandambili.

Jumatatu, 6 Aprili

Wamekosea tena. Hospitali hiyo hiyo.

Alhamisi, 9 Aprili

Mtunza mashuka wa hospitali amekuja mwenyewe. Mwanamke mfupi, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, anatembea kama anayechelewa basi. Mjomba alikuwa mjini, mlinzi akamfungulia kwa sababu alimfahamu dereva wao. Nilimwonyesha mashine, meza, jinsi tunavyoshona nyuzi. Alikuwa anasikiliza huku macho yake yako kwingine. Tulipopita kwenye chumba wanacholala wenzangu alisimama.

"Kufuli hili mbona liko upande wa nje?"

"Kwa sababu ya wezi," nikamjibu. Ndivyo ninavyojibu siku zote.

"Wezi wenyewe wanalala ndani?"

Nikamrudisha ukumbini. Aliagana nasi vizuri, akamshika mkono kila mmoja. Mkono wa Mwalimu aliushika muda mrefu.

Jumamosi, 11 Aprili

Nimegundua. Nilikagua mafungu yote ya wiki hii, nikaona nyuzi za bluu kwenye taulo za hoteli zimefumuliwa na kushonwa nyekundu kwa mkono mzuri, mishono midogo iliyopangika, ile ya mtu aliyefundisha watoto kushona vifungo. Nilimvuta Mwalimu nyuma ya mashine ya kukaushia, mahali kelele zinapomeza maneno, nikamuuliza anataka tufukuzwe kazi kwa makosa yake?

"Sikukosea, Mama Mkubwa," akasema. "Mtu wa nje asipokuja kwa hiari yake, inabidi umpe sababu."

Nilisimama pale na uzi mwekundu mkononi. Nilipaswa kwenda kumwambia Mjomba. Sikwenda. Sijui kama ni huruma au ni woga wa kuulizwa nilikuwa wapi siku zote hizo. Nyuzi nimezifumua mwenyewe na kuzishona upya.

Jumapili, 19 Aprili

Mjomba amesema kesho atakuja mkaguzi kutoka ofisi ya kazi. Kaambiwa na nani, sijui. Ana watu wake. Tumepewa aproni mpya. Kufuli la chumba cha kulala limeondolewa na mashimo yamepakwa rangi. Godoro limeongezwa kwa kila anayelala chini. Akanipeleka pembeni. Akasema mkaguzi atazungumza na mtu mmoja kwa niaba ya wote, na huyo ni mimi, maana mimi ndiye mama wa nyumba. Akasema, "Nyumba hii ikifungwa, hawa wote watalala barabarani na mvua hii. Nakuachia wewe."

Jumatatu, 20 Aprili

Niandike yote, nisiache kitu.

Mkaguzi ni dada wa makamo, viatu vyake vimejaa tope, mwavuli umevunjika bawa moja. Alitukuta tumepangwa kwenye meza, kila mtu na pasi yake. Aliuliza maswali ya mashine, ya waya, ya ndoo za mchanga. Kisha akakaa ofisini, Mjomba akakaa upande mmoja na mimi upande mwingine. Mlango uliachwa wazi, na kupitia mlango ule nilimwona Mwalimu amesimama na shuka mkononi, halikunji wala haliweki chini.

Mkaguzi aliuliza kama tunalipwa. Nikasema tunalipwa. Akauliza kama vitambulisho vyetu tunavyo wenyewe. Nikasema tumeomba tutunziwe. Kila neno lilitoka kirahisi kuliko lililotangulia, hilo ndilo lililonitisha. Halafu akaweka kalamu chini, akaniuliza, "Mama, mtu akitaka kuondoka hapa leo, anaweza kuondoka?"

Mjomba hakunikonyeza. Hakukohoa. Alikuwa anatazama mvua dirishani, ametulia kabisa, na kutulia kule ndiko kulikonimaliza. Miaka saba mtu huyu ameniita Dada Mkuu. Amenipa chumba. Nilipougua malaria aliniletea matunda kwa mkono wake. Nikafikiria barabara, mvua, wanawake kumi na mmoja na mabegi yao. Nikafikiria pia chumba changu, nisijifanye mtakatifu.

Nikasema, "Anaweza. Tuko huru."

Mkaguzi akaandika. Akanigeuzia karatasi, nikasaini. Nilipoinua macho, mlangoni hapakuwa na mtu. Shuka lilikuwa chini.

Jumanne, 21 Aprili

Kufuli limerudi. Mashimo yalikuwa bado na rangi mbichi.

Mjomba ameamua Mwalimu afanye kazi peke yake kwenye stoo ya sabuni, apime dawa na kujaza madumu. Anasema ni kwa ajili ya kumpumzisha. Stoo iko chini, ngazi nne kutoka ukumbini, ina dirisha la ukubwa wa kitabu. Niwe ninamfungia saa moja asubuhi na kumfungulia saa kumi na mbili jioni. Ufunguo ni mmoja kati ya tisa zangu.

Nimemfungia.

Jumatano, 22 Aprili

Nimemfungia. Hakuniamkia.

Alhamisi, 23 Aprili

Nimemfungia. Macho yake yamekuwa mekundu kwa harufu ya dawa. Nimemwachia kitambaa chenye maji. Amekikunja vizuri na kukiweka juu ya dumu, hakukitumia.

Ijumaa, 24 Aprili

Nimemfungia.

Kibonge amekaa karibu nami wakati wa kula, akasema bila kunitazama, "Dada, sisi wengine tunamwogopa Mjomba. Lakini mlango wetu unaufunga wewe." Hakuwa anagombana. Aliongea kama mtu anayenikumbusha kwamba chumvi imekwisha. Sikumaliza chakula.

Jumapili, 26 Aprili

Siku ya simu. Mwalimu hakutolewa stoo. Mdogo wangu alipopiga, Mjomba akanipa mimi simu, sauti imefunguliwa kama kawaida. Mdogo wangu akauliza mwanawe yuko wapi. Nikasema amelala.

"Saa nane mchana?"

"Anachoka, mdogo wangu. Kazi ni nyingi."

Nilimsikia mtoto wa Mwalimu nyuma anagonga sufuria. Kisha mdogo wangu akasema, "Dada, mimi nilimleta kwako. Sikumleta kwa mtu mwingine yeyote, nilimleta kwako." Mjomba akakata simu, akasema mtandao wa siku za mvua unasumbua.

Nimekaa kitandani na daftari hili mpaka mkono umekufa ganzi. Nilipompigia mwaka jana kumwambia amlete, Mjomba alikuwa amekaa pale pale, na sauti ilikuwa imefunguliwa vile vile. Kila nilichosema siku ile nilikiamini. Hilo haliniondolei kitu.

Jumanne, 28 Aprili

Nimefanya jaribio. Nilikwenda ofisini nikamwambia Mjomba naomba ruhusa ya siku nne nikamsalimie mdogo wangu, na kwa ajili ya safari ninaomba kitambulisho changu. Nilitabasamu nilipokuwa nasema, ili lionekane jambo dogo.

Alicheka. Kicheko chema kabisa. "Wewe, Dada Mkuu? Wewe uende wapi? Wewe si ndiye mwenye nyumba?" Akarudi kwenye karatasi zake.

Nilibaki nimesimama. Nikarudia ombi langu. Hapo akainua uso, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja nikaona anavyowatazama wengine. Akasema, "Tusizoeane vibaya."

Kwa hiyo nami ni vivyo hivyo. Ilinichukua miaka kumi na moja kuuliza swali ambalo mtoto huyu ameliuliza baada ya miezi tisa. Hakuna aliyetupiga, hakuna aliyetufunga kamba. Ningepigwa hata kofi moja labda ningeamka mapema.

Alhamisi, 30 Aprili

Mvua haijakatika tangu juzi. Maji yanachungulia kwenye tundu la mfereji wa ukumbini.

Ijumaa, 1 Mei

Nimemwambia mlinzi maji yanapanda. Amesema atamwambia Mjomba. Nimemfungia Mwalimu. Nilitaka kumwambia kuhusu jaribio langu, nikaona aibu. Kesho nitamwambia.

Jumapili, 3 Mei

Naandika nikiwa nimekaa kwenye benchi la hospitali, kwenye chumba cha kukunjia mashuka. Daftari nililitia ndani ya mfuko wa sabuni, nikalifunga kifuani. Mwandiko usomeke unavyosomeka.

Jana asubuhi Mjomba alikuwa ametoka na gari. Mlinzi akafunga geti kwa nje saa mbili, akaenda kwenye shughuli zake, kama afanyavyo kila Jumamosi. Saa tatu maji yaliruka kutoka kwenye mfereji wa ukumbini, meusi, yanayonuka. Kibonge akapiga kelele tuzime mashine. Tulizima. Waya wa pasi mbili ulikuwa tayari majini na taa zikawa zinawaka na kuzimika. Wenzangu walipanda juu ya meza. Mimi nilibaki nimeduwaa, natafuta mahali pa kuweka mashuka ya hospitali yasilowe. Naona haya kuandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nimekumbatia mashuka. Ndipo Kibonge akasema, "Mwalimu!"

Stoo iko ngazi nne chini.

Sikumbuki nilivyofika. Maji yalikuwa kiunoni mwangu ngazi ya mwisho, na madumu yamepinduka ndani, harufu inakata koo. Nilimsikia anagonga, si kwa fujo, alikuwa anagonga mara tatu, anapumzika, mara tatu tena. Nilitafuta ufunguo. Vidole vilikuwa vimekufa kwa baridi na funguo zote zilikuwa sawa. Nilijaribu wa pasi, nikajaribu wa mashuka, ukaniponyoka, kishada chote kikaning'inia kwenye kamba ya kiunoni. Nilimwita kwa jina lake la nyumbani, lile alilopewa na bibi yetu. Kugonga kukakoma. Hapo nilijua ni nini maana ya kuishiwa roho.

Ufunguo ukaingia. Mlango ukagoma, maji yanausukuma. Kibonge alikuwa nyuma yangu, akaweka bega, tukasukuma wawili. Mwalimu alikuwa juu ya rafu ya mwisho, mdomo ameuweka kwenye lile dirisha la ukubwa wa kitabu, anavuta hewa ya nje. Ngozi ya miguu yake ilikuwa imeumuka kwa dawa. Kibonge alimbeba mgongoni.

Tukakimbilia geti. Wote kumi na wawili tukasimama pale, maji magotini, na wenzangu wakanipisha nifungue. Walijua mimi ndiye mwenye funguo. Mimi pia nilijua. Nilijaribu wa kwanza. Wa pili. Nilikuwa nimefika wa sita nilipoelewa, lakini niliendelea mpaka wa tisa kwa sababu sikuweza kugeuka na kuwatazama. Stoo, sabuni, mashuka, jiko, chumba cha kulala, vyote nilikuwa na ufunguo wake. Hakuna hata mmoja unaofungua nje. Miaka saba nilizivaa kiunoni, zikinilia nikitembea, na sikuwahi kuzijaribu kwenye geti.

Mwalimu alikuwa wa kwanza kusema. Alikuwa bado mgongoni kwa Kibonge. "Ukuta wa kuanikia ni mabati," akasema.

Tuling'oa bomba la kuanikia mashuka, sita tukalishika, tukagonga bati la kona mpaka misumari ikatoka. Tukapita mmoja mmoja kama kuku wanaotoka bandani. Tulitokea kwenye uchochoro, nyuma ya duka la vyuma. Watu wakatoka na miavuli kututazama: wanawake kumi na wawili wenye aproni mpya, wengi peku.

Na gari la Mjomba likaingia uchochoroni. Mlinzi alikuwa amerudi, akayaona maji, akampigia. Alishuka na mwavuli, hakukimbia, uso umejaa huruma. "Wanangu, mtaugua," akasema. "Nimeleta mablanketi. Ofisi iko juu, ni pakavu, njooni tupate chai."

Wenzangu wakanitazama. Ni mimi ninayesema turudi ndani, siku zote.

Niandike ukweli: miguu yangu ilianza kurudi. Hatua moja nzima. Mwili ulikuwa umezoea. Mwalimu hakunishika, wala hakuniomba. Alisema tu, "Mama Mkubwa, mimi siendi," na akatelemka mgongoni kwa Kibonge, akasimama kwa miguu ile iliyobabuka.

Nikamwambia Mjomba atupe vitambulisho vyetu.

"Viko ofisini, ndani. Njoo uchukue."

"Vilete wewe."

Sijawahi kumwagiza kitu. Uso wake ulibadilika kidogo tu, kisha akasogea karibu, akaongea chini ili watu wa miavuli wasisikie. "Dada Mkuu, ulisaini mwenyewe kwamba mko huru. Karatasi iko serikalini. Nani atakuamini?"

Nikamwambia kama tuko huru basi tunakwenda. Tukatembea mpaka hospitali, karibu saa nzima. Mtunza mashuka alitufungulia mwenyewe. Alivaa miwani yake, akatuhesabu, akapiga simu polisi, akaagiza mashuka makavu. Niliyapokea nikaona uzi mwekundu kwenye kona, nikalia mbele za watu.

Jumanne, 5 Mei

Leo nimetoa maelezo polisi. Mpelelezi ni kijana mpole, anaandika taratibu. Mkaguzi wa ofisi ya kazi alikuwepo, viatu vyake bado vina tope. Mwalimu alikaa karibu na ukuta, miguu imefungwa bendeji.

Mpelelezi alitumia neno utumwa. Nikamkatiza. Nilimwambia utumwa ni minyororo, ni watu wa zamani, tumeusoma shuleni na kuufanyia mtihani. Sisi tulikuwa na aproni na magodoro. Akaweka kalamu chini. Akaniuliza niliwahi kulipwa mkononi lini, niliwahi kutoka lini, ningeweza kukataa kazi siku gani. Yalikuwa yale yale aliyouliza mkaguzi. Safari hii nilisikia majibu yangu.

Kisha akasema, kwa wema, kwamba mimi ni mwathirika kama wenzangu, na habari ya kufunga milango si lazima iingie, nililazimishwa. Ingekuwa rahisi. Nilitamani sana.

"Iandike," Mwalimu akasema kutoka ukutani. Hakuwa na hasira. "Asipoisema hiyo, yule ataonyesha karatasi aliyosaini. Atasema Dada Mkuu mwenyewe alithibitisha."

Mpelelezi akanieleza kwamba nikikiri nilimdanganya mkaguzi na kuwafungia watu, na mimi naweza kushtakiwa. Nikamwambia aandike. Nilifungiwa miaka kumi na moja, na kati yake miaka saba niliwafungia wenzangu kwa mkono wangu. Tarehe ishirini Aprili niliulizwa kama mtu anaweza kuondoka, nikasema anaweza, na huo ulikuwa uongo. Mtoto wa mdogo wangu nilimwita mimi. Nilisaini kwa jina langu kamili. Nilishangaa kwamba mkono unalikumbuka.

Jumatano, 13 Mei

Nyumba tuliyohifadhiwa ina wanawake wengine. Mmoja katoka kwenye nyumba ya familia, alikuwa analala jikoni, miaka sita. Wawili wametoka kwenye shamba la maua. Mmoja hapendi kusema alikotoka. Tunaulizana wenyeji wetu waliitwaje. Baba, Shangazi, Mama wa wote. Nimegundua hakuna aliyeitwa bosi.

Nawaza hivi ninapofagia. Mtu mmoja hawezi kuwafunga watu kumi na wawili. Anahitaji mtu wa ndani, apewe chumba na jina zuri, awe anaona fahari. Kisha kazi inakwenda yenyewe. Mashuka yanatoka meupe, hospitali inalala, hoteli inalala, na hakuna anayeuliza. Mambo haya lazima yakome. Yanamwiba anayefungwa, na anayefunga yanamwiba pia, huku yeye mwenyewe anashukuru. Si lazima kuyasema kwa maneno makubwa. Mimi nimeyaona kwenye mkono wangu.

Mjomba yuko mahabusu. Wakili wake ameomba ile karatasi yangu.

Ijumaa, 15 Mei

Mvua imekatika. Mwalimu ameondoka asubuhi kwa basi la kwanza, na kitambulisho chake, ambacho polisi walikitoa ofisini kwa Mjomba. Mimi nabaki kwa ajili ya kesi. Nilimsindikiza mpaka mlangoni. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kuomba msamaha, akaniambia anayajua, nisiyaseme leo. Akanipa daftari lake la pili, halijaandikwa kitu.

Jumatatu, 18 Mei

Mdogo wangu amenipigia kwenye simu ya nyumba hii. Nilikuwa peke yangu chumbani. Hakunisalimu. Aliniambia mwanawe amefika, na mtoto amekataa kumwachia mama yake hata aende kuoga, anakaa nje ya mlango wa bafu anaimba kwa sauti ili asikike yupo.

Nilimwambia yote. Nilianza na ile simu ya mwaka jana, nikamaliza na stoo. Nilimwambia nilimfungia siku ngapi. Hakunikatiza hata mara moja.

"Kesi inaisha lini?" akauliza.

Nikasema sijui, na huenda nami nikahukumiwa.

"Ikiisha uje nyumbani," akasema. "Nina maneno mengi ya kukuambia, Dada, na si mazuri. Lakini uje."